Usiusingizie Uso

Kuna msemo nimeusikia tangu udogo wangu, na kila niusikiapo hunichoma. Husemwa arusini, husemwa shuleni siku ya picha za kitambulisho, husemwa hata na wapiga picha wenyewe, watu ambao riziki yao ni nyuso za watu: kwamba mtu mweusi hatoki vizuri katika picha. Akitoka kama kivuli, huambiwa ni rangi yake. Akitoka meno na macho tu, watu hucheka, naye hucheka pamoja nao kwa haya. Leo, ndugu msomaji, nataka kuupinga msemo huo, na shahidi nitakayemleta ni mimi mwenyewe, tena shahidi wa kosa langu.

Mwaka 2014 nilikwenda Usenge kumtembelea mpwa wangu aliyekuwa akisomesha huko. Usenge ni mji mdogo wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Siaya, upande wa Yimbo. Karibu nao kuna kilima cha Ramogi, ambapo Wajaluo husimulia kuwa ndipo wazee wao walipotua walipoingia nchi hii. Ng'ambo ya maji kuna kisiwa cha Mageta, ambako serikali ya kikoloni iliwafunga mahabusu wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Mtu wa Pwani akifika hapo hudanganyika kwa dakika chache. Maji hayana mwisho, mashua zimelala mchangani, nyavu zimeanikwa, na harufu ni ile ile aliyozaliwa nayo. Kisha huonja maji akayakuta hayana chumvi. Hungoja maji yapwe, yasipwe.

Mfukoni nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali, ile isiyozidi ukubwa wa pakiti ya sigara. Niliinunua kwa kazi yangu ya gazeti, nikaitumia miaka mingi bila ya hata siku moja kukifungua kitabu chake cha maelezo. Nilijua kitufe cha kuwasha na kitufe cha kupigia, nikadhani nimehitimu.

Jioni moja nilikuwa ufukweni wakati mashua za omena zikijitayarisha kutoka. Omena ni dagaa wa ziwa, nao huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku wa giza usio na mbalamwezi. Mvuvi mmoja, mtu wa makamo, mrefu, mweusi wa kung'ara, alikuwa akipakia taa zake. Tulikuwa tumezoeana siku tatu. Yeye alinifundisha majina ya mbao za mashua kwa Kijaluo, nami nikamwambia kwetu hiki huitwa mkuku na hizi huitwa taruma. Akaniambia, "Mzee wa Pwani, nipige picha na mashua yangu kabla sijaondoka."

Akasimama, mgongo wake kwenye maji, mkono juu ya ubavu wa mashua. Jua lilikuwa likishuka ziwani nyuma yake, na maji yote yalikuwa dhahabu. Nikabonyeza mara moja. Nikakitazama kioo cha kamera, lakini kwa ukali wa jua sikuona kitu. Akaniuliza, "Imetoka?" Nikamjibu, "Imetoka, ndugu yangu." Nilimwambia uongo, ingawa mwenyewe sikujua.

Miezi mitatu baadaye mpwa wangu alinipigia simu. Mashua ya mtu yule ilikumbwa na dhoruba usiku, ikapinduka. Alipatikana siku ya pili. Kitambulisho chake kilizama, na nyumbani hapakuwa na picha yake ila moja ya ujanani, iliyoliwa na mchwa nusu. Katika mazishi ya huko picha ya marehemu huwekwa mbele ya watu, huchapishwa katika karatasi za ratiba, na baadaye hutundikwa ukutani ili watoto wakue wakiiona. Mjane wake akaichukua simu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ile picha uliyompiga ufukweni, tunaiomba."

Nikaifungua. Ziwa lilikuwa zuri ajabu. Mashua ilionekana kamba kwa kamba. Na mwenyewe, aliyeniomba picha, alikuwa kivuli cheusi kisicho pua wala jicho.

KAMERA HUPIMA VIPI

Siku hiyo ndipo nilipoanza kusoma. Nikagundua kwamba jambo lililonishinda ni dogo, lajulikana na kila fundi, na dawa yake ilikuwa ndani ya kamera yangu muda wote.

Kamera ina mizani ya mwanga. Ukiielekeza mahali, huupima mwanga wote ulio mbele yake, halafu hujaribu kuipata picha ambayo kwa wastani si nyeupe wala si nyeusi, bali ya rangi ya majivu. Haijui kama wewe unataka uso au unataka ziwa. Ikiona maji yanayong'aa yamejaza kioo, husema, "Mwanga umezidi," ikaupunguza. Maji yakapoa, na uso uliokuwa kivulini ukazama gizani. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina akili ya kuutafuta uso, lakini uso uliokwisha kufunikwa na giza, nazo aghalabu huupoteza.

Watu wa Pwani tunao mfano wa jambo hili kila Idi. Wapange vijana kumi waliovaa kanzu nyeupe juani, uwapige picha. Kamera huuona weupe wa kanzu, hupunguza mwanga, na nyuso hutoka zimefifia. Mpige mama aliyevaa buibui jeusi, akijaza picha nzima. Kamera huuona weusi, huongeza mwanga, buibui likawa la kijivu na uso ukaungua mpaka mikunjo yake ya tabasamu ikafutika. Watu ni wale wale na rangi zao ni zile zile. Kilichobadilika ni nguo na mizani. Basi msemo wa kwamba weusi ndio unaoharibu picha umekosa hata hesabu yake.

Wala si jambo geni kwetu kuuchunguza mwanga. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufa Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, akaeleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni. Alichunguza pia jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura upande wa pili, ndani ya chumba cha giza. Neno kamera lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Kwa hiyo kile kidude cha mfukoni ni chumba cha giza chenye tundu, na mwenye chumba ndiye wa kuamua mwanga kiasi gani uingie.

Hata hivyo haki yafaa isemwe yote. Zamani za filamu, mitambo nayo ilikuwa na upendeleo wake. Maduka ya kuchapisha picha za rangi yalipewa kadi ya kusawazishia rangi, na kwa miaka mingi kadi zilizotolewa na kampuni ya Kodak zilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Akitoka yeye vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Walipokuja kuitengeneza filamu iweze kutofautisha rangi za udongo na kahawa, watu wa kampuni hiyo wenyewe wamesimulia kwamba miongoni mwa waliolalamika zaidi walikuwa watengenezaji wa chakleti na wa samani za mbao. Chakleti ilisikilizwa, nyuso za watu zikanufaika kwa jirani. Kwa hivyo msemo ule una asili yake; lakini filamu ile imepita, na kamera ya leo ina vitufe vya kuirekebisha. Anayeendelea kuusema amekubali kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Tena hata enzi za filamu, mafundi wetu hawakuukubali. Zitazameni picha za N. V. Parekh wa Mombasa, za Bakor Studio ya Lamu, au za Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930. Wazee wetu wa kila rangi wamo, na kila uso una nuru yake. Mafundi wale walijua taa iwekwe wapi, na hawakumwambia mteja kwamba kosa ni ngozi yake.

DAWA ZENYEWE

Sasa nitazitaja dawa, kwa faida ya mwenye kamera ndogo na hata mwenye simu, kwani maradhi ni yale yale.

Ya kwanza ni miguu yako. Usimpige mtu hali jua liko nyuma yake. Zunguka wewe, au mwombe yeye azunguke, mpaka mwanga uuguse uso. Pale Usenge jua huzama upande wa ziwa, basi jioni mwenye kuyapa maji mgongo huwa kivuli. Lau ningempiga asubuhi, mashua zirudipo na jua likitokea bara, pale pale aliposimama pangefaa. Na saa sita mchana si saa ya picha. Usenge iko karibu kabisa na Ikweta, jua huwa utosini, na macho hugeuka mashimo mawili chini ya paji. Mwite mtu chini ya mti au ukumbini, mwanga ni laini huko.

Ya pili ni kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa, + na −, kilichomo katika takriban kila kamera ndogo. Uso ukitoka mweusi, ongeza. Hatua moja kamili ya kuongeza huufanya mwanga kuwa maradufu. Maji ya nyuma yatazidi kuwa meupe. Na yawe, hukuja kuyapiga maji.

Ya tatu ni taa ya kamera, nayo ndiyo watu huistaajabu: iwashwe mchana. Usiiachie kamera ijiamulie, kwani ikiona jua itaizima. Iweke katika hali ya kuwaka daima, usogee mpaka mita mbili au tatu kutoka kwa mtu, nayo itaujaza uso mwanga huku nyuma kukibaki na uzuri wake. Zaidi ya hapo taa ndogo ile haifiki. Wale wanaowasha taa wakiwa mwisho wa uwanja, mpira uko mita hamsini, wanachoma betri bure. Kitufe hiki kimoja kingetosha kumwokoa ndugu yangu wa Usenge na giza.

Picha ya kutikisika husababishwa na uhaba wa mwanga. Jioni au ndani ya nyumba kamera hulifungua tundu kwa muda mrefu zaidi, na ukipita sehemu moja ya thelathini ya sekunde, mkono wa kawaida huonekana umetetema. Egemeza kiwiko ukutani, au iweke kamera juu ya meza na kuitumia saa yake ya sekunde mbili ili kidole chako kisiisukume. Usimvute mtu karibu kwa lenzi, kwani ukivuta, lenzi nyingi ndogo huupunguza mwanga na kuuzidisha mtikisiko. Msogelee kwa miguu.

Kamera ikichelewa, ukapiga na mtoto amekwisha kugeuka, jifunze kubonyeza nusu. Bonyeza kidogo, ingoje ipime na kuuona uso, ishikilie hapo hapo, kisha malizia wakati wenyewe ufikapo. Macho mekundu ni mwanga wa taa uliorudi kutoka kwenye damu iliyo nyuma ya jicho, kwa kuwa taa na lenzi zimekaribiana mno. Washa taa za chumbani, au mwombe mtu asiitazame kamera moja kwa moja. Rangi ya manjano chini ya balbu huondoka ukiiambia kamera kwamba taa ni ya balbu. Na picha yenye ukungu, kabla ya kumtafuta fundi, ifute lenzi kwa kitambaa laini. Pale ufukweni mikono yetu sote ilikuwa na mafuta ya samaki.

Itazame pia tarehe. Betri ikikaa nje muda mrefu, kamera nyingi huisahau siku, zikaanza kuchapa mwaka ambao harusi haikuwapo. Mjukuu atakayeiona picha hiyo atatuamini sisi, na tutakuwa tumemdanganya.

MAJINI NA VUMBI

Jambo moja yafaa nilitaje mbali. Picha za usiku zilizopigwa kwa taa mara nyingi hutoka na madoa meupe ya duara, kama mwezi mdogo unaoelea. Nimewaona watu, Pwani na ziwani, wakizipitisha picha hizo mkono kwa mkono kwa hofu, wakisema hao ni majini waliohudhuria. Sisi Waislamu tunaamini kuwapo kwa majini, sikatai. Lakini madoa yale ni vumbi, au matone ya maji, au wadudu. Vipo karibu sana na lenzi, taa huvimulika kwa nguvu, na kwa kuwa vimetoka nje ya shabaha huvimba vikawa duara. Pale ziwani kuna wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi kama moshi. Piga picha usiku mmoja tu utapata "majini" mia. Izime taa, utumie mwanga mwingine, nao wataondoka bila ya kusomewa. Si vizuri kuwasingizia viumbe wa Mungu vumbi la kamera zetu.

DAWA INAYOUA

Nirudi kwenye msiba. Nilipanda basi hadi Kisumu nikaenda duka moja la picha, nikamwomba kijana wa hapo auinue uso kutoka gizani kwa kompyuta. Alifanya kwa juhudi na kwa wema. Uso ukaanza kutokea. Lakini alipofika hapo hakukoma. Akalainisha ngozi, akaing'arisha, akampunguzia weusi mpaka akawa wa rangi ya maandazi, kisha akanionyesha kwa furaha: "Nimemtengeneza, mzee. Sasa amependeza."

Nami, kwa haya ya kosa langu, nikanyamaza, nikailipia.

Mjane aliitazama muda mrefu. Mtoto wake mkubwa akaja akasimama nyuma yake, akaitazama. Mama yule akanirudishia picha kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Mzee, ahsante. Lakini huyu si yeye."

Nilirudi Kisumu siku iyo hiyo. Nikamwambia kijana ainue kivuli tu, asiguse kitu kingine. Kamera ndogo hunasa mwanga kwa kipande kilicho kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na giza lake ukilivuta hutoka chembechembe kama mchanga. Basi alitoka hivyo: mwenye chembechembe, shavu moja na jicho moja yakionekana, upande wa pili umebaki gizani kwa kuwa huko kamera haikunasa chochote cha kuinua. Ndiyo waliyoiweka mbele ya watu. "Huyu ndiye," alisema mjane. Lakini lile jicho la pili halimo, na hakuna fundi duniani atakayelirudisha.

Kwa ajili hiyo nasema kwamba iko tofauti kubwa kati ya kuisahihisha picha na kumsahihisha mtu. Kuongeza mwanga ili uso uonekane ulivyo, huko ni kusema kweli. Kuupausha uso ili upendeze machoni pa anayeuonea haya, huko ni uongo, na anayedanganywa zaidi ni yule atakayekuja kuulizia babu yake alikuwaje. Simu za siku hizi zina vitufe vya kung'arisha ngozi, vyengine huwaka vyenyewe bila ya kuulizwa. Vitafuteni, vizimeni. Na enyi wenye maduka ya picha, mteja akileta uso mweusi, mrudishieni uso mweusi.

Neno la mwisho ni la amana. Picha iliyofutwa kwa bahati mbaya aghalabu huwa ingali ndani ya kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake. Ukikosea, acha kuitumia kadi hiyo mara moja, umpelekee anayejua. Lakini kwa sababu iyo hiyo, usiiuze wala kuiazimisha kadi iliyobeba picha za arusi ya kina mama, hata kama umezifuta. Stara ya watu imo humo. Anayepigwa picha amekukabidhi kitu, awe bibi arusi Lamu au mvuvi Usenge, nawe hujui siku atakayekuja kukidai.

Nami nilijiandikia ubeti, nikaubandika ndani ya mfuko wa kamera yangu:

Kamera haina kosa, kosa la aliyeshika,
Mwanga nyuma ukigusa, sura giza hufunika,
Geuka usijekosa, uso upate zinduka,
Amana hino ya sasa, kesho itahitajika.

Kamera ile ningali nayo. Hivi karibuni binti yangu aliniomba, kwani vijana wameanza tena kuzitafuta kamera ndogo za zamani wakisema picha zake zina ladha. Nilimpa, pamoja na kitabu cha maelezo. Nikamwambia akisome kwanza, kisha aende akampige bibi yake, mwanga ukiwa mbele.